Bomba Limekataa: Kusoma Kosa la Kona Kwenye Gadi na Keria za Pikipiki

Ukipinda bomba la gadi, kile chuma cha kukinga pikipiki ikianguka, au la keria ya mizigo, na likakuharibikia, usiwauzie watu wa vyuma chakavu kabla hujalisoma. Vijana huja hapa kwangu Nyalenda, Kisumu, na kipande kilichobonyea mkononi, wamenuna, na swali ni lile lile: "Fundi, hii jeki ya tani 12 ya mashine ya kupindia si ni ndogo?" Si ndogo. Pikipiki nzima ya Boxer na dereva wake, abiria wawili na gunia la mahindi haifiki nusu tani. Jeki hiyo inaweza kulikunja bomba la pikipiki kama karatasi, na ukitazama vizuri ndivyo ilivyofanya. Nguvu ilikuwepo. Bomba ndilo lililokosa pa kuegemea.

Shika kipande chako ukigeuze. Kwenye kona yoyote, upande wa ndani hubanwa, upande wa nje huvutwa, na mbavu mbili za katikati hubaki karibu kama zilivyokuwa. Kosa la ndani lina sababu zake, la nje lina zake. Ukishajua upande, nusu ya kazi imeisha.

Limebonyea, kona imekuwa bapa

Hili ndilo linaloleta watu wengi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mashine yangu ya kwanza ya kupinda, ya jeki ya chupa, rola mbili za bomba kuegemea, na kalibu sita, yaani vyuma vyenye mfereji ambavyo jeki huvisukuma kwenye bomba, niliinunua mjini. Muuzaji aliniapia kwamba kalibu iliyoandikwa 1 ni ya bomba la inchi moja. Hakudanganya, ila hakuniuliza ni bomba lipi. Nikaweka tyubu ya viti ya inchi moja, nikapampu, ikalala chini kama mrija wa soda. Nikanunua nyingine, ikalala pia. Ya tatu ndiyo nikaenda kupima kalibu yenyewe.

Mashine hizi hutengenezwa kwa ajili ya mafundi wa maji, na paipu la maji haliitwi kwa kipimo cha nje. Paipu la "nusu inchi" lina milimita 21.3 kwa nje. La "robo tatu" lina 26.9. La "inchi moja" lina 33.7. Tyubu ya viti na ya fremu, kinyume chake, huitwa kwa kipimo cha nje hasa: inchi moja ni milimita 25.4, basi. Ukiilaza kwenye kalibu ya inchi moja ya paipu, inacheza ndani ya mfereji kwa zaidi ya milimita 8. Mbavu hazina kinachozishika, kwa hiyo zinatanuka nje, na juu na chini vinakutana.

Usukani ni mtihani mwingine. Mabomba mengi ya usukani wa pikipiki ni milimita 22.2. Kwenye kalibu ya nusu inchi haliingii, linakaa juu ya midomo ya mfereji na kutiwa makovu mawili marefu. Kwenye ya robo tatu linalegea kwa karibu milimita 5. Kwa mashine ya paipu, hakuna kalibu ya usukani. Nakushauri usijaribu kabisa: usukani ununue uliokwisha kupindwa. Ukivunjika mkononi mwa mtu barabara ya Busia, hakuna wa kumrudishia pesa.

Dawa yake? Chukua kalipa upime nje ya bomba na upana wa mfereji wa kalibu kabla ya kulipa dukani. Kwa gadi na keria mimi niliacha kubishana, nikahamia paipu jeusi la robo tatu la daraja la kati, lenye ukuta wa milimita 2.6. Linaingia kwenye kalibu yake kama mguu kwenye gumbuti ya saizi yake. Ni zito, karibu kilo 1.6 kwa mita, mara mbili na zaidi ya tyubu ya inchi moja yenye ukuta wa 1.2. Kwa keria ya kubeba kreti za samaki uzito huo sioni ubaya wake. Kwa pikipiki ya mashindano ningesema vingine.

Kama ni lazima utumie tyubu ya 25.4, iweke kwenye kalibu ya robo tatu na uvishe mfereji kipande cha bati la geji 22, ambalo lina kama milimita 0.7, ukilikunja lifuate umbo. Nafasi inaisha. Si kazi ya kiwanda, lakini inatoa kona.

Ikiwa kalibu inashika vizuri na bado bomba linabonyea, kuna mambo mawili tu yaliyobaki. Ukuta ni mwembamba mno: geji 18, yaani 1.2, itabonyea mahali ambapo geji 16, yaani 1.6, inapita salama. Au kona ni kali mno. Bila kitu ndani ya bomba, nusu kipenyo cha kona, ukipimia katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya upana wa bomba. Kwa 25.4 hiyo ni milimita 76. Ukitaka kali kuliko hapo, jaza mchanga, na mchanga una sura yake hapo mbele.

Utaambiwa pia kwamba ulipampu kwa haraka. Pampu polepole, sawa, kwa sababu utaona kosa likianza na utasimama. Lakini kalibu isiyoenea haitaenea kwa upole wako.

Mikunjo midogo kwa ndani, kama shingo ya sweta

Huyu ni mdogo wake yule wa kwanza. Ndani panabanwa, na chuma chembamba kikikosa pa kwenda kinajikunja. Ukipinda kwa baridi, sababu ni zile zile: nafasi kwenye kalibu au ukuta mwembamba. Ukipinda kwa moto, basi upande wa ndani ulipata joto zaidi ya wa nje, ukalegea kabla ya mwenzake. Zungusha bomba motoni, lipate rangi moja pande zote. Mikunjo iliyokwisha kutokea usiipige nyundo ukidhani itarudi. Itaingia ndani na kuwa bonde.

Nilijaza mchanga na bado limebonyea

Mchanga wetu wa mto Nyando ni mzuri, ukichekechwa kwa chekecheo la unga mpaka mawe na majani yaishe. Tatizo haliko kwenye mchanga. Liko kwenye kujaza.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kibuye aliyekuwa akipinda miguu ya viti. Siku ya kwanza nilimimina, nikaona umefika mdomoni, nikachonga kizibo.

"Mzee, nimejaza."

"Hujajaza, mwanangu. Gonga usikie."

Akalisimamisha bomba, akaanza kuligonga kwa nyundo ya mbao, kuanzia chini, akilizungusha kidogo kidogo. Mlio ulikuwa kama wa debe tupu. Mchanga ukashuka kiasi cha kiganja. Akaongeza, akagonga tena, ukashuka vidole vitatu, kisha kimoja. Alipofika mahali ambapo hata akigonga haushuki, mlio ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito na mfupi kama wa kugonga mti mbichi. Bomba la mita moja lilimchukua karibu dakika ishirini, na mimi nilitumia mbili. Mchanga ulioachiwa nafasi unahama pembeni kona inapoanza, na bomba linabonyea kana kwamba liko tupu.

Vizibo viwe vya mbao ngumu, vichongwe kwa mteremko, vipigwe mpaka viubane mchanga. Na mchanga uwe mkavu. Kisumu mvua hupenda kuja jioni, na mchanga wa asubuhi unaoonekana mkavu juu una unyevu chini. Ukaange kwenye bati juu ya jiko, kisha shika kipande cha kioo baridi juu yake. Kioo kikipata ukungu, bado.

Siku niliyopuuza hilo nikaliweka bomba motoni, kizibo kilitoka kama risasi, kikatoboa mabati ya uzio wa jirani, na mchanga wa moto ukanimwagikia viatuni. Maji kidogo yaliyofungiwa ndani ya chuma chekundu yanakuwa mvuke na yanatafuta mlango. Hata hewa tupu inajaa nguvu ikipashwa hivyo. Siku hizi kizibo kimoja nakitoboa tundu dogo la msumari, na sisimami kamwe upande wa mwisho wa bomba.

Limepasuka nje ya kona

Anza na mshono. Tyubu nyingi tunazopata ni bati lililoviringwa na kuchomelewa kwa urefu. Chungulia ndani utaona kijitutu kinachoenda moja kwa moja, na nje mara nyingi kuna mstari wa bluu au wa kijivu. Ukiuweka mshono huo upande wa nje wa kona, unauvuta mahali palipo dhaifu zaidi. Ukiuweka ndani, unaanzisha mkunjo. Uweke ubavuni, pale ambapo chuma hakivutwi wala hakibanwi. Mimi naupaka chaki urefu wote kabla ya kufanya lolote.

Kama mshono uko ubavuni na bomba limepasuka hata hivyo, piga hesabu. Gawa upana wa bomba kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha kona, utapata kiasi ambacho ngozi ya nje inarefuka. Paipu la 26.9 kwenye kona ya nusu kipenyo 100 linarefuka kwa asilimia 13 hivi, na chuma laini kinalivumilia. Ukikaza kona mpaka nusu kipenyo kiwe mara mbili tu ya upana wa bomba, unadai asilimia 25. Hapo unacheza bahati nasibu, hasa na chuma usichojua kilikotoka.

Kwa wanaotumia moto kuna sababu ya tatu ambayo wengi hawaijui. Bomba linatoka jikoni likiwa jekundu, unapinda, linapoa, wekundu unaisha, na wewe bado unavuta kwa sababu unaona bado ni la moto. Chuma laini kikiwa kati ya nyuzi 200 na 300 hivi, lile joto la kukipa rangi ya bluu, hupindika vibaya kuliko kikiwa baridi. Kinakuwa na ukaidi na kinapasuka ghafla. Pinda kikiwa na rangi ya nyanya mbivu. Wekundu ukifa, acha mikono, rudisha motoni.

Na kama bomba ni lile jeupe lililopakwa zinki, usiliweke motoni kabisa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, na moshi wake mweupe unaingia kifuani. Jioni utatetemeka na kupata homa, utadhani ni malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa. Nami nayapenda maziwa, lakini yanaenda tumboni, na zinki iko kwenye mapafu. Nunua jeusi.

Kona inarudi nyuma

Umefikisha digrii 90, umelegeza jeki, kipimapembe kinasema 87. Hakuna kilichoharibika, chuma kina uchoyo wake. Kona pana hurudi zaidi kuliko kali, na kila fungu la mabomba lina tabia yake, hata likitoka duka lile lile. Kata kipande kutoka bomba hilo hilo, kipinde, ona kinarudi digrii ngapi, kisha uzidishe kiasi hicho. Paipu langu la robo tatu hunidai 3 au 4. Kuzidisha kidogo mno ni afadhali kuliko kupita, maana kuongeza ni pampu mbili, lakini kulifungua bomba lililopita kiasi mara nyingi kunaliacha na umbo la yai.

Kona imeangukia mahali pabaya

Hapa ndipo bomba zuri linapoharibiwa na penseli. Unataka mguu wa gadi uwe na milimita 300 kutoka mwisho mpaka kona. Unapima 300, unachora, unaweka alama katikati ya kalibu, unapinda, na mguu unatoka na 321. Unalaumu tepu.

Bomba halifiki kwenye ncha ya kona, linakata njia ya mkato, kama watu wanaokatiza uwanja wa shule badala ya kufuata uzio. Kwa kona ya digrii 90 yenye nusu kipenyo 100, sehemu iliyonyooka ya mguu huo inaishia kwenye 200. Tao lenyewe lina urefu wa 157. Katikati ya tao, ambapo kalibu inasukuma, ni 200 na nusu ya 157, yaani 278.5. Alama ilitakiwa kuwa hapo, milimita 21.5 kabla ya pale ulipochora.

Kama hesabu hizi zinakuchosha, iache mashine ikufanyie. Kata kipande cha milimita 600, chora katikati kabisa kwenye 300, kipinde digrii 90. Sasa pima mguu mmoja mpaka ukingo wa nje wa mguu wa pili, toa nusu ya upana wa bomba. Jibu litazidi 300. Ziada hiyo iandike kwa rangi kwenye kalibu yenyewe, na kila kona ya 90 utakayopinda kwa kalibu hiyo, rudisha alama nyuma kwa kiasi hicho. Yangu ya robo tatu imeandikwa 22 kwa rangi nyekundu. Wanangu wanadhani ni namba ya mashine.

Bomba zima pia litahitaji urefu mdogo kuliko unavyojumlisha. Miguu ya 300 na 400 si 700. Kwa kona hiyo ni 657.

Kona mbili hazilali sawa

"Fundi, hii gadi mguu mmoja unaenda Kondele, mwingine Dunga." Jamaa alinena kweli. Kona zote mbili zilikuwa 90 safi, lakini bomba lilikuwa limezunguka kidogo ndani ya mashine kabla ya kona ya pili. Digrii chache za kuzunguka, mwisho wa mguu wa nusu mita, zinakuwa vidole viwili.

Macho hayatoshi. Lilaze bomba kwenye mfereji wa anglaini, kile chuma cha umbo la L, tumia ukingo wake kama rula, na uchore mstari mmoja urefu wote. Mstari huo ubaki juu, kwenye ubavu, katika kila kona. Kisha, kabla ya kona ya pili, funga kipande kifupi cha chuma kilichonyooka kwenye mguu uliokwisha kupindwa, uweke pima maji juu yake, na kingine kwenye mashine. Vipovu vyote viwili vikiwa mahali pamoja, pampu. Uwanja wangu ni wa udongo, kwa hiyo sifuati usawa wa ardhi, nafuatisha pima maji moja na nyingine.

Kama kona yenyewe imeelemea upande mmoja, angalia pini za rola. Mara nyingi moja iko tundu la tatu na nyingine la nne. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na zote ilikuwa Jumamosi jioni.

Kwa kushoto na kulia zifanane, usipinde kushoto ukamaliza ndipo uanze kulia. Pinda kona ya kwanza ya zote mbili, kisha ya pili ya zote mbili, huku mashine haijaguswa. Na kumbuka ni pacha wa kioo: mstari wa chaki unageuka. Nina gadi mbili za kushoto zimetundikwa ukutani.

Makovu ya rola

Ni mapambo tu, isipokuwa yawe na kina. Paka grisi kwenye pini, safisha mchanga kwenye rola, na kwa bomba jembamba weka kipande cha paipu kilichopasuliwa kwa urefu katikati ya bomba na rola.

Kona ilikuwa safi, lakini miezi mitatu baadaye kuna ufa

Hapa mashine ya kupinda haihusiki sana. Tazama ufa umeanzia wapi. Ukianzia kando ya mchomeleo, bamba lililochomelewa kwenye bomba ili kulifungia lilikuwa gumu na dogo mno, na mtikisiko wote wa barabara ya mawe ukakusanyika kwenye mstari mmoja. Bamba liwe refu, ncha zake zichongwe ziwe nyembamba, na mchomeleo ufuate urefu wa bomba badala ya kulizunguka kama pete. Usichomelee chochote mgongoni mwa kona. Pale ukuta umeshavutwa, na ule wa 2.6 unaweza kuwa umeshuka hadi karibu 2.3 kabla hujaugusa na moto.

Bomba la fremu yenyewe ya pikipiki likiwa limebonyea kwenye ajali, hilo usilete kwangu linyoshwe kwa jeki. Likatwe, liwekwe jipya, na anayejua kupanga magurudumu.

Keria moja ilirudi hivyo, imepasuka nyuma ya kiti, mwenyewe anabeba mikate kila alfajiri. Nilitafuta mchomeleo mbaya sikuuona. Kona haikuwa na mkunjo, mshono ulikuwa ubavuni. Nikaifuta masizi kwa kitambaa chenye dizeli. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye tundu la boliti la kushikilia kamba ya mpira, tundu la milimita 8, mgongoni kabisa mwa kona, na nililitoboa mimi, kwa sababu ndipo drili ilipofika kwa urahisi. Nilimtengenezea nyingine bila malipo, na tundu nikalisogeza hadi kwenye sehemu iliyonyooka.